Maisha ya Allidina Visram, Mwenye Maduka 240



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumekwisha kusoma habari za wafalme, za maaskofu na za wasafiri waliovuka bara hili kwa miguu. Mimi nimependa kuwasimulia habari za mwuza duka. Nilipomwambia mwenzangu mmoja wa bwenini alinicheka, akataka kujua tangu lini mtu wa kupima nguo kwa dhiraa akaandikiwa maisha yake. Sikumjibu siku ile. Jibu langu ni hili karatasi.

Lakini kwanza niseme kwa nini nimemchagua. Mimi ni mtoto wa Jabe, hapa Bujumbura, na katika mtaa wetu nyumba nyingi zina duka mlangoni. Mjomba wangu, aliyenilea, huuza redio, simu, betri na taa za nguvu za jua. Zamani alikuwa na kibanda chake katika soko kuu la mjini. Siku ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko lile liliungua, na vyote alivyokuwa navyo vilikuwa mle ndani, bidhaa, fedha kidogo, na daftari la watu waliomdai na aliowadai. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka alivyorudi nyumbani ameshika kufuli tu. Tangu siku ile akaapa kwamba mali yake haitalala tena chini ya paa moja. Akaanza upya na duka dogo Jabe, baadaye akafungua la pili Buyenzi, na sasa anatamani la tatu huko Rumonge. Basi kila jioni baada ya chakula mazungumzo ni hayo hayo: nani ataketi Rumonge, na huyo atakayeketi ataaminiwaje na mtu asiyemwona? Kwa maneno hayo mimi nikaanza kutafuta habari za watu waliowahi kuwa na maduka mengi mahali pengi kwa wakati mmoja, na ndivyo nilivyomkuta Allidina Visram.

Allidina alizaliwa mwaka wa 1851 katika mji mdogo wa Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Watu wake walikuwa Makhoja Waismailia, wafuasi wa Aga Khan. Kutch ni nchi kavu yenye mvua haba, na tangu kale vijana wake wamezoea kuifuata bahari kutafuta riziki. Mwaka wa 1863, alipokuwa na miaka 12, naye akavuka bahari, akaja pwani yetu ya Afrika. Hakuwa na mali. Wenzangu, tufikiri kidogo: miaka 12 ni umri wa mtoto ambaye huku kwetu bado anatumwa dukani kununua chumvi, naye alikuwa ametumwa ng'ambo ya bahari nzima.

Akafika Bagamoyo. Siku zile Bagamoyo ulikuwa mlango wa bara. Misafara yote mikubwa ya kwenda Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji, ilifungwa hapo, na huko ndiko ilikorudi na pembe za ndovu. Allidina akaingia katika kazi ya biashara ya jamaa ya Paroo, ambao kijana wao Sewa Haji alikuja kuwa tajiri mkuu wa mji ule. Jambo hili limenipendeza, maana Sewa Haji naye alizaliwa mwaka wa 1851. Wawili hawa walikuwa rika moja, mmoja mwana wa nyumba na mwingine mtumishi wake. Sewa Haji ndiye aliyewatafutia wapagazi na bidhaa Wazungu wengi waliokwenda bara. Mtu aliyepata kulala katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, huenda amelisikia jina hilo, maana mpaka leo liko jengo la wagonjwa linaloitwa Sewahaji, kwa ajili ya mali aliyoiacha kwa hospitali.

Basi kazi ya msafara ilikuwaje? Ni lazima nieleze, maana bila kuifahamu hatutafahamu maduka yalitoka wapi. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kadiri ya kilo 30 kichwani au begani. Ndani ya mzigo kulikuwa na nguo za merikani na kaniki, ushanga wa rangi mbalimbali, na waya wa shaba, kwa kuwa huko bara fedha ya sarafu haikuwa na kazi. Tena kila nchi ilikuwa na mapenzi yake. Ushanga uliopendwa mahali pamoja, mwendo wa siku chache mbele hakuna aliyeutaka, na mfanya biashara aliyekosea rangi aliweza kubeba mzigo wake kwenda na kurudi bila kuuza hata kete moja. Kwa hiyo maarifa ya tajiri wa Bagamoyo hayakuwa fedha peke yake, bali kujua nani anataka nini, na wapi. Mjomba wangu aliposikia habari hii alicheka sana, maana yeye naye aliwahi kuleta sanduku zima la simu za rangi ambayo vijana wa Buyenzi hawakutaka hata kuishika.

Allidina aliyajua haya kwa kuyatenda. Miaka ilipopita akaanza kufanya biashara kwa jina lake mwenyewe. Alinunua nta, asali, karafuu na pembe, akalipa kwa nguo, chumvi, ushanga na nafaka. Akaweka watu wake katika vituo vya njia ya misafara, hata Tabora, hata Ujiji. Hapa ndipo habari yake inapotugusa sisi wa Bujumbura. Wazee wengi wa Buyenzi na Jabe wanataja asili yao kuwa Ujiji, Rumonge au Manyema, na Kiswahili tunachozungumza kilipanda ziwa hili katika mitumbwi ya wafanya biashara wa zama zile. Nguo walizovaa babu zao, kabla mji wetu haujawa mji, zilipitia Ujiji kutoka pwani. Siwezi kusema kwamba shuka fulani ilitoka katika ghala ya Allidina, lakini njia ilikuwa moja.

Mwaka wa 1897 Sewa Haji akafa, naye Allidina akashika nafasi ya mbele katika biashara ya misafara. Mtu mwingine angekaa hapo akastarehe, maana alikuwa na miaka 46, na Bagamoyo ilimtosha. Lakini macho yake yalikuwa yakitazama kaskazini. Mwaka wa 1896 Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Nyanza. Wengi waliiona reli ile kama wazimu, hata huko Uingereza kwenyewe. Yeye aliona jambo moja wazi, kwamba gari la moshi likifika ziwani mpagazi hataweza kushindana nalo, na Bagamoyo itakuwa mji wa makumbusho. Ndivyo ilivyokuwa.

Reli ile ilijengwa na vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi, watu wapatao 32,000 kwa jumla, na katika hao waliokufa wanakaribia 2,500, kwa homa, kwa ajali na kwa magonjwa ya tumbo. Simba wa Tsavo, waliokula watu mwaka wa 1898, ndio waliopata sifa, lakini wao waliua sehemu ndogo sana ya waliokufa. Watu maelfu kwa maelfu wanaolala porini, kila mwezi wanapokea mshahara, nao hawana pa kununua mchele, dengu, samli, wala tumbako! Allidina akafungua duka. Reli ilipokwenda mbele, akafungua jingine. Hivyo maduka yake yakaifuata reli kama vifaranga wanavyomfuata mama yao, toka Mombasa mpaka Nairobi, mji uliozaliwa mwaka wa 1899 kama kambi ya reli, hata Kisumu ziwani, reli ilikofika mwezi wa Desemba 1901.

Tena hakungoja reli imfikishe. Alikwisha tuma watu wake Uganda mapema, wakati mizigo ikichukuliwa bado vichwani kwa safari ya miezi mitatu hivi kutoka pwani. Akaweka duka Kampala, kisha Entebbe, kisha Jinja, akaendelea mpaka mwisho wa nchi, na mto Naili mpaka upande wa Sudani. Reli ilipofika ziwani yeye alikuwa amekwisha keti ng'ambo anaingoja. Majahazi yake yakavusha mizigo, na baadaye akawa na meli yake mwenyewe katika Ziwa Nyanza.

Sasa nisimame kidogo kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii, yaani jinsi mtu mmoja alivyoweza kuendesha maduka mengi hivyo. Hapakuwa na simu, wala taksi ya kwenda kuchungulia. Barua ilikwenda kwa mkimbiaji. Alipofariki, maduka yake yanasemwa yalikuwa 240 na zaidi, na makarani wake Wahindi peke yao walipita 500. Aliyewaona wote hakuna, hata yeye.

Kazi ilikwenda hivi. Kijana alitoka Kutch au Gujarat, mara nyingi ndugu wa mtu fulani aliyekwisha kuwa kazini. Akakaa kwanza katika duka kubwa akijifunza hesabu, lugha na desturi. Akishajulikana tabia yake alipelekwa bara na mali ya mkopo, akajenga kibanda cha mabati au cha nyasi, akauza. Fedha hakuirudisha mara moja, bali alirudisha bidhaa za nchi, kama pembe, ngozi, ufuta, pilipili, nta, na baadaye pamba. Zilifika katika ghala kubwa, zikapimwa, zikaandikwa upande wa pili wa daftari, ndipo akatumiwa mali nyingine. Kwa hiyo duka moja lilikuwa mambo mawili pamoja, mahali pa kuuza nguo na mahali pa kununua mazao. Faida ilikuwa kwenda na kurudi. Gari la moshi lililopanda na merikani halikushuka tupu.

Na kijana yule alizuiwaje asitoroke na mali? Si kwa askari. Alizuiwa na jina. Baba yake alikuwa Kera au kijiji cha jirani, mjomba wake alikuwa karani Mombasa, jamatini walikutana wote. Kama angekula mali ya tajiri, mlango wa kila Khoja toka Unguja mpaka Kampala ungefungwa mbele yake, na mchumba asingepata. Nilipomsomea mjomba sehemu hii alinyamaza muda mrefu. Naye ana ndugu wawili wanaotaka kwenda Rumonge, na mmoja wao aliwahi kumwachia deni.

Tena duka la Allidina lilifanya kazi ya benki. Katika Uganda hapakuwa na benki hata mwaka wa 1906, Benki ya National ya India ilipofungua mlango Entebbe. Kabla ya hapo ofisa wa serikali aliyekuwa mbali na makao makuu alipata rupia zake kwa kumwandikia hundi mwenye duka. Mtu aliyetaka kupeleka fedha Mombasa aliitoa Kampala, ikalipwa pwani kwa barua. Wamisionari, askari na wawindaji walichukua vifaa vyao humo kwa deni. Hapo tena tuitazame kodi. Mapatano ya Buganda ya mwaka wa 1900 yalitoza kila nyumba rupia 3, na mkulima hakuwa na rupia. Alikuwa na simbi, ndizi na jembe lake. Akauza ngozi au ufuta kwa mwenye duka apate rupia, akazipeleka kwa chifu, chifu akazipeleka serikalini, na serikali ikanunua vitu kwa mwenye duka. Rupia ilizunguka kama gurudumu la kisima, na ndoo ilipopita mbele ya duka kila mara ilimwaga kidogo.

Sipendi kumsifu mtu hata nikasahau waliosimama upande wa pili wa meza. Mkulima yule hakujua bei ya ngozi huko Mombasa, wala hakuwa na mizani ya kwake. Na zaidi ya hayo, Mwafrika aliyetaka kuwa mwenye duka alikosa kitu kilichomlea Allidina tangu utoto, nacho ni mkopo wa mtu anayemjua. Baadaye hata sheria iliwekwa kumzuia: katika Tanganyika, mwaka wa 1923, serikali ya Waingereza ilitunga sheria kwamba mfanya biashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila ruhusa hawezi kumdai mahakamani. Ilisemwa ni kwa kumlinda. Lakini nani atakukopesha mali asiyoweza kuidai? Mjomba wangu alipoanza upya baada ya moto, kilichomwinua ni mfanya biashara mmoja aliyempa redio 20 kwa neno tu, alipe akiuza. Bila mkopo ule nisingekuwa shuleni nikiandika haya.

Turudi kwa Allidina. Mwanzoni mwa karne ya 20 pamba ilianza kulimwa Uganda kwa biashara, na yeye hakuchelewa. Watu wake waliinunua katika maduka yale yale, naye akajenga viwanda vya kuchambulia. Akawa na vinu vya mafuta ya ufuta, kazi ya sabuni, kiwanda cha maji ya soda, karakana ya meza na viti, kiwanda cha ngozi, na mahali pa kupasulia mbao. Kitu kilichokuwa kikitoka ng'ambo, akiona chaweza kutengenezwa hapa, alijaribu. Vingine vilikufa, vingine vikaendelea. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji, na kama tujuavyo, jina la utani la namna hiyo halitolewi na rafiki tu.

Makao yake makuu yalikuwa Mombasa. Sifa moja inayorudi kila anapotajwa ni mkono wazi. Alisaidia shule na hospitali, akachangia Msalaba Mwekundu wakati wa vita, na ingawa yeye alikuwa Mwislamu alitoa mchango kwa kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Sisi wanafunzi wa misioni tuna haki ya kulikumbuka hilo. Wenye kijicho wangesema alikuwa akinunua wateja. Labda, lakini wateja wake wa Kampala wangenunua kwake hata kama asingetoa senti, maana wangekwenda wapi?

Vita Kuu ikaanza mwaka wa 1914. Kumbukeni kwamba mwezi wa Februari mwaka ule ule reli ya Wadachi kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma, na kama amani ingedumu, biashara ya ziwa letu ingeamka kama ya Nyanza ilivyoamka. Badala yake zikaja bunduki. Maduka ya upande wa Wadachi yakatengwa na yale ya upande wa Waingereza na mpaka wa vita. Mali ilikwama, meli za bahari zilikuwa chache, bei zikapanda. Allidina alikuwa na miaka 60 na zaidi, na angeweza kuwatuma vijana. Lakini kulikuwa na shughuli za biashara huko Kongo zilizomhitaji, akaenda mwenyewe. Akapatwa na homa. Akarudi pwani akiwa mgonjwa, na tarehe 30 Juni 1916 akafariki Mombasa. Ni mwezi ule ule ambao askari wa Wabelgiji waliingia Usumbura na Kitega, na nchi yetu ikabadilishwa bwana.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alikwenda. Mtu mwenye makarani 500! Naona ilikuwa kwa sababu ile ile iliyomsimamisha. Biashara yake yote ilikuwa imefungwa kwa uzi mmoja, nao ni yeye. Wakala alimlipa Allidina kwa kuwa ni Allidina. Ofisa alipokea hundi kwa kuwa mwenye kuilipa ni Allidina. Palipokuwa na fundo kubwa la kufungua, hakuna mkono mwingine uliotosha.

Yaliyofuata yanaonyesha hivyo. Mwanawe, Abdul Rasul, alirithi maduka, viwanda, meli na madaftari, lakini hakuweza kuurithi uso wa baba yake. Wakati nao ulikuwa mbaya. Baada ya vita bei ya pamba iliruka, kisha mwaka wa 1920 na 1921 ikaanguka. Serikali nayo ikageuza fedha: rupia, iliyokuwa shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza, ikahesabiwa shilingi 2, ikaja florini, na mwaka wa 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Aliyekuwa na deni la rupia alilala akiamka deni limeongezeka kwa fedha ya Kiingereza, naye mazao yake aliyauza kwa fedha hiyo hiyo ya Kiingereza. Wafanya biashara wengi waliumia. Mawakala wa mbali, waliokuwa wakichelewesha malipo kidogo wakati wa mzee, sasa wakachelewesha sana, na wengine hawakulipa kabisa. Madeni yaliyoandikwa daftarini yalikuwa mali katika maandishi, lakini mkononi yalikuwa upepo. Mwaka wa 1923 Abdul Rasul naye akafariki. Muda si mrefu nyumba ile kubwa ya biashara ikavunjika, mali ikauzwa, hata jina lake likafutika juu ya milango.

Lakini milango yenyewe haikufungwa yote. Watu waliokuja wakiwa makarani wake walikuwa wamejifunza kazi, na wengi walikuwa wamekwisha kuanza kujitegemea. Waliobaki vijijini walipaka majina yao wenyewe juu ya mabati, wakaendelea kupima nguo na kununua pamba. Ukisikia mtu akisema kwamba miji midogo mingi ya Uganda na Kenya ilianza na duka moja la Mhindi njia panda, mengi ya maduka hayo yalianza na mali ya mkopo ya Allidina. Na neno lenyewe duka tulilipata kwa watu wa bahari.

Mombasa bado wanalo jina lake. Iko shule ya sekondari, Allidina Visram, iliyojengwa na mwanawe kwa ukumbusho wa baba, ikafunguliwa mwaka wa 1923, na wanafunzi wake ni kama sisi hapa, wana mitihani na wana gazeti na wana mpira. Iko pia sanamu yake katika bustani ya mji ule, ameketi karibu na majengo ya zamani ya serikali. Wengi wanaopita hapo, nadhani, hawajui ni nani.

Nilipomaliza kukusanya habari hizi nilizisoma zote kwa mjomba, jioni moja umeme ulipokatika, tukiwa na taa yake moja ya jua mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema lolote juu ya maduka 240. Hesabu hiyo ilimpita kama inavyonipita mimi. Aliuliza tu habari za madaftari: je, mzee yule alikuwa na mtu mwingine aliyeyafahamu, au yalikuwa kichwani mwake? Nikamwambia kwamba alikuwa na makarani, lakini kujua nani mwaminifu kulikuwa kichwani mwake. Akainuka, akaleta daftari lake la Buyenzi, na lile la Jabe, akayaweka mbele yangu. Yameandikwa kwa ufupi wake mwenyewe, kwa alama na majina ya utani, hata mimi niliyelelewa nyumbani mwake sikuweza kusoma robo.

La Rumonge limeahirishwa mpaka likizo ya mwisho wa mwaka. Likizo hiyo yote mimi nitakuwa Jabe, nikiyaandika madaftari yale upya, kwa majina kamili, ili mtu mwingine aweze kuyasoma.